Mwaka Kimamba Ilipogeuka Visiwa

Tuliokuwa safarini tulikuwa watatu. Bibi yangu Damari, mzaa mama, ambaye jina lake ndilo hili langu. Mjomba Eliasafi, aliyemfuata mama yangu kuzaliwa. Na mimi, mtoto wa darasa la kwanza. Kule tulikokuwa tunakwenda alikuwepo mama yangu Yuditi, na baba yangu Nehemia aliyekuwa mkata mkonge, na mtoto mchanga ambaye alikuwa bado hajapewa jina. Njiani tulimkuta mama wa Kimasai aitwaye Nalotuesha, na Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyefanya kazi ya reli. Huyu Mzee Maganga hakuwa ndugu yetu kwa damu wala kwa ndoa, na masika yale yote mimi niliamini kwamba amekwisha kuninunua.

Nawataja mapema kwa sababu sisi watu wa umri huu tukianza kuhadithia huwa tunawaacha wengine nje, halafu mtu anatokea katikati ya habari na msikilizaji anauliza, huyu naye katoka wapi?

Kilichonikumbusha ni harufu. Hapa Mikumi ninapokaa na wajukuu, malori yanalala kando ya barabara kuu, na juzi mvua ilinyesha juu ya lori moja lililobeba katani. Turubai lilikuwa limechanika. Nilikuwa kibarazani nachambua mchicha, ikanijia ile harufu ya katani mbichi iliyolowa, kali, chachu, kama togwa iliyosahauliwa mtungini. Mikono ikasimama. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimefika Kimamba.

Sasa nianze. Mama na baba walikaa kwenye kambi ya shamba moja la mkonge upande wa Kimamba. Mimi nilizaliwa kambini hapo hapo. Baada yangu alizaliwa mtoto wa kiume, Yoshua, na desturi ya kwetu Usagara ni kwamba mtoto mchanga akae ndani na mama yake, kitovu kidondoke, kisha bibi mzaa mama ndiye amtoe nje mara ya kwanza, amefungwa mbeleko ya ukoo, aonyeshwe jua na watu. Kwa Yoshua, Bibi Damari alichelewa. Majirani wa kambini, watu wema kabisa, wakamhurumia mama kwa kufungiwa joto lile, wakamtoa mtoto wao wenyewe. Yoshua hakufika hata kutambaa. Sisemi alikufa kwa sababu hiyo. Watoto walikufa sana zamani zile, kwa homa na kwa mengine. Ila mama yangu alijiwekea moyoni. Mimi akanipeleka milimani Kisanga kwa bibi, nikasome shule ya misheni, na kambini akabaki na baba tu.

Ndipo ikaja habari, kwa kinywa cha mtu aliyetoka Kilosa, kwamba Yuditi amejifungua salama, na kwamba anamngoja mama yake. Bibi akainuka papo hapo. Alikwenda kwenye sanduku lake la mbao, akatoa mbeleko. Ilikuwa kaniki nyeusi, pembeni imetiwa kiraka cha merikani nyeupe. Alikuwa ameibebea mama yangu, na ameibebea mjomba Eliasafi, na mimi mwenyewe nilitolewa nje nikiwa ndani yake. Akaikunja, akaifunga kifuani ndani ya nguo, akamshika kuku mmoja wa madoa kwa ajili ya supu ya mzazi, akamwita mjomba. Mimi nikalia mpaka nikachukuliwa.

Lazima niwaambie na habari ya Mwalimu Zakaria, maana bila yeye hamtanielewa. Uhuru ulikuwa ndiyo umekuja. Bendera ilikwisha kupandishwa bomani Kilosa, nasi shuleni tulikuwa na ya kwetu ndogo. Mwalimu Zakaria alitufundisha kwamba kila nchi ina bendera yake. Siku nyingine akachora duara kwenye mchanga, akamwaga maji pembeni, akasema, "Hiki ni kisiwa. Nchi kavu, maji pande zote. Watu wa visiwani wana nchi yao, wana lugha yao na desturi zao." Sikupata kusoma sana baadaye, lakini hayo mawili, bendera na kisiwa, yaliniingia kama moto wa pasi unavyoingia kwenye nguo.

Basi tuliteremka. Tulilala Ulaya, ile Ulaya yetu, si ya Wazungu, kwa binamu ya bibi aitwaye Persisi. Mvua ilikuwa haikatiki. Kesho yake tulipoyamaliza mabonde na kuanza tambarare, niliona kitu ambacho mtoto wa milimani hajawahi kukiona: maji yaliyolala. Kwetu maji yanakimbia, yana kelele, unayasikia kabla hujayaona. Haya yalikuwa yametulia, yanang'aa, yamefunika majani na njia, na vichuguu vimechomoza vichwa tu. 

Tukafika kwenye mwinuko mmoja uliojaa ng'ombe. Wamasai walikuwa wamepanda pale na mifugo yao kuyakimbia maji. Mama mmoja mrefu, shanga shingoni, akatupokea. Alisema jina lake, Nalotuesha, akijigonga kifua ili bibi alishike. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache na cha bibi hakikuwa kingi zaidi, wakawa wanazungumza kwa mikono, mmoja anasema Kisagara, mwingine Kimasai, na wote wanaitikia kwa vichwa kama wanaelewana. Alitupa maziwa ndani ya kibuyu. Yalinukia moshi. Sikuwa nimewahi kunywa maziwa ya moshi. Na juu ya fimbo iliyochomekwa ardhini ilikuwa imetundikwa shuka nyekundu, inapigwa na upepo ikauke.

Nikaitazama ile shuka. Nikatazama maji, pande zote. Nikamvuta bibi upindo.

"Bibi, hii ni nchi gani?"

"Nchi ya Nalotuesha," akasema, bila kufikiri, maana alikuwa anakunywa.

"Na ile ndiyo bendera yao?"

Bibi akaicheka ile shuka. "Ndiyo hiyo. Hawa wana nchi yao, wanaitembeza na ng'ombe wao."

Sasa mtoto akishaambiwa na bibi yake, unadhani nani atamwambia vingine? Nikajua tumetoka Tanganyika. Nikajua tumo katika nchi za visiwa, na kwamba mama yangu anakaa mbali kuliko nilivyodhani, kwenye kisiwa cha mwisho kabisa. Nikaanza kuogopa jambo moja tu: kwamba kwa kila kisiwa tunachopita, njia ya kurudi kwetu inazidi kufungwa nyuma yetu.

Kutoka pale mjomba alimbeba bibi mgongoni kwenye sehemu za maji, mimi nikashika mkia wa shati lake, tukapanda kwenye tuta la reli. Treni ilikuwa haiji. Maji yalikuwa yamekula tuta upande wa mbele, reli imebaki inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Tulitembea juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, mpaka tukawaona wanaume wa reli wamejikunyata chini ya bati, wanachoma mahindi, na kando yao kijiti chenye kitambaa chekundu cha kuzuia treni. Nikasema moyoni, nchi nyingine hii. Na bendera yao ipo.

Akainuka mtu mmoja mnene, mweusi tii, kofia imebonyea, akasimama katikati ya reli, mikono kiunoni.

"Wewe bibi! Kabila gani?"

"Msagara," akasema bibi.

"Nilijua. Nimesikia harufu toka Kilosa. Nani kakuruhusu kukanyaga reli yangu na miguu hiyo ya tope?"

 Kwetu Kisanga hakuna mtu aliyempita Bibi Damari bila kupiga goti na kusema shikamoo. Hata Mwalimu Zakaria. Hata padri. Nikamwangalia mjomba amshike yule mtu, lakini mjomba alikuwa anatabasamu kama mjinga.

"Reli yako wewe Mnyamwezi?" bibi akasema, na sauti yake ikawa ya msichana. "Babu yako alipita hapa peku, kabeba pembe ya Mwarabu kichwani, ulimi nje, akamwomba maji bibi yangu."

"Akamwomba maji, akapewa tope! Ndiyo sababu sisi wote tumezaliwa weusi. Na hamkuona haya, mkamuuzia na mtoto, kwa chumvi."

"Kwa chumvi kidogo. Mtoto mwenyewe alikuwa mvivu."

Wanaume wote wa reli wakacheka. Yule mtu akanyoosha mkono, akamnyang'anya bibi kuku wa mzazi, akamtia kwapani. "Kuku wangu huyu." Bibi akasema, "Mwizi kama babu yako," akakaa juu ya reli, akapokea hindi la kuchoma kutoka mkono ule ule uliomwibia.

Ninyi wa rika langu mnacheka, mnajua kwamba huo ni utani. Wanyamwezi na Wasagara ni watani toka zama za misafara, na mtani anaweza kukutukana mchana kweupe na kuchukua chako, na wewe ukikasirika ndiye mwenye kosa. Lakini mimi nani aliyeniambia? Milimani kwetu hakukuwa na Mnyamwezi hata mmoja. Nilichoona ni kwamba tumetekwa.

Nikamwamkia kwa hofu. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mtumwa wangu," akasema yule mtu, naye ndiye Mzee Maganga.

Mjomba ndiye aliyeuliza habari za kambini. Mzee Maganga akaacha kutafuna.

"Huko kubaya. Watu wote wamehamia kwenye kile kiwanda cha katani, korona, kipo juu kidogo. Mimi ndiye ninayewavusha na chelezo. Yupo mwanamke mmoja tu aliyekataa kutoka. Ana mtoto mchanga. Maji yako mlangoni, mumewe kanyanyua kitanda juu ya matofali, anamsihi, analia. Mwanamke anasema hatoki, mtoto hatoki, mpaka mama yake aje amtoe. Na mtoto mwingine alishampoteza kwa kutolewa na watu, anasema hatarudia. Mumewe kasema nitakubeba kwa nguvu. Mke kasema nibebe, na huyu akifa utakuwa umemuua wewe. Sasa nani atamgusa?"

"Anaitwaje?" bibi akauliza.

"Yuditi. Msagara. Kichwa kama jiwe, kama ninyi nyote."

Bibi Damari aliliweka lile hindi juu ya taruma, taratibu, kana kwamba litavunjika. Hakuna aliyecheka tena. Mzee Maganga alimwangalia, akaangalia kuku, akaniangalia mimi, na nikaona ameelewa. Akavua kofia.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Twende."

Chelezo chake kilikuwa cha milingoti ya mkonge. Kwa wasioijua, ni ile miti mirefu inayochomoza katikati ya mkonge uliozeeka. Ikikauka inakuwa myepesi ajabu. Aliifunga kwa kamba ya katani. Na hapo ndipo penye ile harufu, maana kamba ilikuwa imelowa, na upepo ulitoka upande wa korona ambako makapi ya mkonge yalikuwa yameelea juu ya maji, yanaoza.

Bibi akakanyaga. Chelezo kikazama mpaka magotini. Akajaribu kukaa, kikageuka ubavu, mjomba akamdaka.

"Ulikula nini huko milimani?" Mzee Maganga akafoka. "Mawe?"

"Nilikula chumvi ya babu yako. Jaribu tena."

Wakajaribu tena. Ikawa vile vile. Milingoti ile ilikuwa imekwisha kunywa maji kwa kuvusha watu. Ilimudu Mzee Maganga aliyesukuma kwa fito, na mzigo mdogo, basi. Mjomba akasema ataogelea. Bibi akamwambia, "Utaogelea wapi wewe, umejifunzia kwenye beseni?" Na jua lilikuwa linaelekea chini, ingawa hatukuliona, tuliona tu mwanga unapungua.

Bibi akasimama kidogo anatazama maji. Kisha akanigeukia. Akafungua kifua, akatoa ile mbeleko, kavu, ya joto.

"Atakwenda huyu," akasema. "Huyu ni Damari. Mimi ni Damari. Akifika yeye nimefika mimi."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mjukuu aliyepewa jina la bibi si mjukuu tu, hata mama yangu mwenyewe akinifurahia aliniita mama. Lakini nilikuwa sijaona jina likitumwa kazi.

"Unanipa huyu?" Mzee Maganga akauliza.

"Mchukue. Ndiye nauli."

"Nauli nzuri. Ana meno yote?"

"Yametoka mawili ya mbele. Yataota."

"Basi nimenunua," akasema, akaninyanyua kwa mkono mmoja, akanikalisha juu ya chelezo, na kuku miguuni pangu.

Hamwezi kujua kilichonipata. Nilielewa kila neno. Bibi yangu, aliyenilaza kifuani pake, amenitoa nauli kwa mtu aliyemtukana. Sikupiga kelele. Kelele za nini, katika nchi ya watu? Bibi akainama, akaniambia sikioni kwa Kisagara: "Ukifika mlangoni usiite kitoto. Piga hodi kama mimi. Kisha mpe mbeleko, mtoke."

Tukaenda. Mzee Maganga alisukuma kwa fito katikati ya safu za mkonge, na majani yale yenye miiba yalichomoza juu ya maji kama vidole. Ili mbeleko isidondoke majini aliifunga juu ya fito nyingine, akaichomeka mbele. Ikapepea. Nyeusi, na kile kiraka cheupe. Nikaitazama, na katikati ya huzuni yangu nikawaza kwamba leo na sisi tuna bendera. Yeye alikuwa anaimba wimbo wa kwao, polepole, na kila mara ananiuliza, "Mtumwa, umelala?" Nami najibu, "Sijalala, bwana." Mara ya kwanza niliposema bwana, fito ilimponyoka kidogo. Akaidaka, akaendelea kusukuma.

Kambi ilikuwa nyumba za mistari. Maji yalikuwa yameingia zote. Baba alikuwa amesimama nje ya mlango wetu, maji kiunoni, amebeba sufuria kichwani bila sababu, nadhani alikuwa amesahau kwamba ameibeba. Aliponiona alifungua mdomo. Mzee Maganga akamwekea kidole, shh. Akanishusha. Maji yalinifika kifuani, baridi. Akanipa mbeleko niishike juu.

Hodi ya Bibi Damari ilikuwa na namna yake. Alikohoa kwanza, kikohozi kikavu cha mtu asiyeumwa, akagonga kwa kiganja, akasema, "Hodi humu! Wenye nyumba mmelala?" Asubuhi, mchana, hata mlango ukiwa wazi na watu wanamwona, alisema hivyo hivyo. Basi nikakohoa. Nikagonga. Nikasema, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza, "Hodi humu! Wenye nyumba mmelala?"

 Kisha mama yangu akasema, na sauti yake sikuwa nimeisikia tangu nihamie Kisanga, "Karibu, mama. Nilikuwa nakungoja."

Baba akausukuma mlango. Mama alikuwa amekaa juu ya kitanda, kitanda juu ya matofali, na mtoto kifuani. Akaniona mimi. Nilidhani atakata tamaa, maana mimi si bibi, kila mwenye macho anaona. Alinitazama usoni, akatazama mbeleko niliyoishikilia juu kwa mikono miwili, akatazama kile kiraka cheupe. Sijui alifikiri nini. Hakuniambia mpaka anakufa, nami sikumuuliza.

"Mama," akaniambia mimi, "umekuja kumtoa?"

Nikasema, "Nimekuja. Mtoke."

Akanyoosha miguu, akaiweka majini. Baba akaingia, akamfunga mtoto mgongoni kwangu kwa ile kaniki, akanibeba na mzigo wangu wote pamoja juu ya mabega yake, mkono wa pili amemshika mama. Tukatoka nje. Mvua ilikuwa imepungua, na mtoto akapiga chafya. Mzee Maganga akasema, "Ameonja dunia."

Huyo mtoto ni Raheli, mdogo wangu. Yupo hai, ana wajukuu Dumila.

Tukapanda mpaka korona, tukakaa na watu wengine wote. Nitawaambia palikuwa na watu gani: Wabena, Wangoni, Wamakonde wenye chale, familia moja ya Kimanyema, na kila kundi na kona yake na chungu chake na maneno yake. Kwangu ule ulikuwa mji mkuu wa nchi za visiwa. Mama alikunywa supu ya yule kuku. Mzee Maganga mwenyewe ndiye aliyemchinja, akatangaza, "Kuku ni wangu, mzazi anywe mchuzi, manyoya nitayadai." Nilikuwa na mama yangu, nikilala ubavuni pake, na bado kila nilipoamka nilikumbuka kwamba mimi si wa kwao tena.

Kwa hiyo nilifanya kazi. Kila asubuhi, Mzee Maganga alipokuja na chelezo kuleta unga, nilichota maji ya kunywa kwenye pipa, nikampelekea, nikapiga goti. Akanywa. Akasema, "Asante, mtumwa." Nikangoja kama ana amri nyingine. Nadhani alifikiri ni mtoto mwenye adabu nyingi tu. Siku moja aliniuliza mbona macho mekundu. Nikamwambia, "Bwana, tukienda kwenu, nitaruhusiwa kuja kumwona mama?"

Alikinywa kile kikombe mpaka mwisho bila kunitazama. Akakirudisha. Alikuwa na watoto wake huko kwao Unyamwezi, nilikuja kujua baadaye, alikuwa hajawaona siku nyingi. Akasema tu, "Utaruhusiwa. Mimi si bwana mbaya." Mtu mwingine angenieleza pale pale. Yeye nadhani alimwachia bibi, kwamba aliyeniuza ndiye anikomboe.

Maji yalipopungua bibi alifika na mjomba, tope mpaka mapajani. Alikohoa, akasema hodi yake, ingawa pale hapakuwa na mlango. Akampakata Raheli. Mimi nikapita na kikombe kumpelekea Mzee Maganga, nikapiga goti. Bibi akauliza, "Anafanya nini huyu?" Mama akasema, "Ndivyo anavyofanya kila siku. Anasema ni mtumwa wake, wewe ulimuuza."

Bibi alicheka mpaka akakaa kwenye makapi ya katani. Kisha akaona uso wangu, akaacha. Akaniita, akanivuta katikati ya magoti yake, akanieleza utani ni nini. Kwamba mtu anayeweza kukutukana hivyo ni mtu unayeweza kumkabidhi mtoto wako. "Ningempa nani mwingine?" akaniuliza. "Mtu aliyeniamkia vizuri? Simjui."

Sikuelewa vyote. Nilielewa kwamba naweza kurudi Kisanga. Ila maji niliendelea kumpelekea, mpaka tulipoondoka.

Miaka ikapita. Ukaja wakati wa vijiji vya ujamaa, tukateremshwa milimani tukajengewa nyumba za mstari bondeni, na bibi akanung'unika kwamba amehamishiwa kambini uzeeni. Huko ndiko alikofia. Mimi nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, katika ile ile kaniki, na wakati huo kiraka cheupe kilikuwa kimeongezewa kiraka kingine. Tulikuwa tumekaa ndani na mama, wanawake wamejaa, kilio kimetulia kidogo. Nje tukasikia kikohozi kikavu. Kiganja kikagonga ukuta.

"Hodi humu! Wenye nyumba mmelala?"

 Ilikuwa sauti ya bibi. Mama alishika mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Kisha akachungulia mlangoni mzee mnene, kofia imebonyea, amejifunga kanga ya bibi kiunoni, ameing'oa kwenye kamba ya nguo huko nje, na mkononi ana fimbo aliyoiiba kwa mjomba. Alikuwa amesikia habari stesheni, akapanda treni, na kipande kilichobaki akakitembea kwa mguu.

"Mmekaa tu," akasema kwa sauti ya bibi, "na kaburi mmenichimbia fupi. Mlidhani nimepungua?"

Mama yangu alianza kucheka. Alicheka huku machozi yanamwagika, na wanawake wote wakamfuata, hata wasiojua chanzo. Ndipo alipoweza kupumua, tangu jana yake. Mzee Maganga akakaa kwenye kigoda cha marehemu, akanyoosha miguu, akatazama chumba chote.

"Mtumwa wangu yuko wapi?" akauliza, sasa kwa sauti yake mwenyewe.

Nikainuka na mtoto mgongoni. Nikachota maji mtungini. Nikapiga goti.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Raheli ananibishia, anasema yule kuku hakuwa wa madoa, lakini yeye alikuwa mchanga, alimwonea wapi? Ninyi mliokuwa Kimamba mwaka ule wa maji, mliolala pale korona, kama nimemsahau mtu au nimemtia kona isiyo yake, nisahihisheni, sina kinyongo. Inawezekana shuka ya Nalotuesha haikuwa nyekundu. Na kama yupo mtu wa ukoo wa Mzee Maganga, asitume salamu, aje mwenyewe hapa Mikumi anisahihishe uso kwa uso. Anitukane toka barabarani. Maji nitampelekea mimi.